Uzi: Kumshtaki wakili kwa uzembe – mahakama hupima nini hasa (Tanzania na Kenya)

MsomaHukumu

Wakuu, salaam. Malalamiko kwamba "wakili kaniuza" hayaishi humu, na ushauri unaotolewa mara nyingi ni wa hasira tu. Tuzungumze kisheria: mteja akimpeleka wakili wake mahakamani kudai fidia, jaji anapima nini?

Kuonyesha kwamba wakili alikosea ni nusu ya kazi, tena nusu nyepesi. Mahakama haitoi fidia kwa sababu wakili alilala. Mteja anatakiwa kuthibitisha kwamba palikuwa na uhusiano wa wakili na mteja juu ya jambo lile lile analolalamikia, kwamba kazi ilishuka chini ya kiwango cha wakili wa kawaida anayeijua kazi yake, kwamba kosa hilo hasa ndilo lililoleta hasara, na kwamba hasara yenyewe inahesabika. Kesi nyingi zinafia kwenye hilo la tatu, na mtu anatoka mahakamani analipa gharama za wakili yule yule aliyemharibia.

Kuhusu kiwango, hukumu ya kuanzia kwa mahakama za kwetu ni Champion Motor Spares Ltd v Phadke, [1969] EA 42 (EA ni ripoti za hukumu za Afrika Mashariki). Msimamo wake ni kwamba wakili hawajibiki kwa uamuzi ambao mtu mwenye busara angeweza kuufanya ukaja kwenda kombo, wala kwa kutojua kipengele cha sheria kilichojificha. Anawajibika kwa uzembe wa wazi, na kwa kutojua mambo ya msingi yanayojitokeza kila siku katika kazi yake.

Tafsiri yake mtaani ni hii. Kuacha ukomo wa muda, yaani siku ya mwisho kisheria ya kufungua shauri, upite ni uzembe. Tanzania, kufungua shauri dhidi ya Serikali bila ile notisi ya siku 90 ni uzembe. Kenya, kuhesabu miaka 3 kwenye madai ya uzembe dhidi ya Serikali wakati sheria yake maalumu inatoa miezi 12 tu, huo nao ni uzembe. Lakini kuamua shahidi huyu asiitwe, kutomhoji yule kwa muda mrefu, au kushauri mteja akubali suluhu ya chini kidogo, hayo ni maamuzi ya kitaaluma. Ukija na malalamiko ya aina hiyo peke yake, ujue umebeba mzigo mzito.

Pia wakili hupimwa kwa sheria ilivyokuwa siku aliyofanya kazi. Mfano mzuri ni ununuzi wa ardhi Kenya. Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua shauri la Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, ikasema kuwa na hati hakutoshi, lazima mchakato ulioizaa hati uwe halali tangu mwanzo. Wakili anayeshughulikia mauziano leo bila kufuatilia chimbuko la hati ana kazi ngumu ya kujitetea. Wa mwaka 2010 aliyetegemea upekuzi rasmi wa masijala, kwa maoni yangu, ni vigumu kumbana.

---

Mzalendo_wa_Tanga

Uzi mzuri mkuu. Swali: kama hakuna mkataba wa maandishi na wakili hakulipwa hata senti, huo uhusiano unathibitishwaje? Watu wengi wanaingia ofisini, wanaambiwa "hapa huna kesi", wanaondoka.

---

Minneapolis_Mswahili

Mzalendo, huku Minnesota kuna hukumu inayojibu swali lako moja kwa moja: Togstad v. Vesely, Otto, Miller & Keefe, ya mwaka 1980. Mgonjwa alipooza baada ya matibabu ya mshipa wa shingo mwaka 1971. Mkewe akaenda kwa wakili, wakaongea kati ya dakika 45 na saa nzima. Wakili akasema haoni kama wana kesi, ila atazungumza na mwenzake ofisini. Hakumpigia tena, mama akachukulia kwamba jibu ndilo hilo. Hakuna mkataba uliosainiwa, hakuna ankara iliyotumwa. Ukomo wa madai ya uzembe wa kitabibu ulikuwa miaka 2, ukapita.

Baraza la wazee wa mahakama (raia wa kawaida wanaoamua kesi huku) liliwapa mume na mke jumla ya dola 649,500, na Mahakama ya Juu ya jimbo ikaunga mkono. Hoja ilikuwa kwamba aliombwa ushauri wa kisheria, akautoa, na mtu akauamini katika mazingira ambayo ni wazi angeumia kama ushauri ungekuwa wa kizembe. Mashahidi wa taaluma walieleza kwamba kabla ya kusema "huna kesi" katika jambo la kitabibu, jambo la chini kabisa ni kuagiza rekodi za hospitali na kumuuliza mtaalamu wa fani hiyo. Tena alipaswa kumwambia mama kuhusu ukomo.

Tofauti moja kubwa na kwenu: huku Marekani mdai kwa kawaida lazima amlete wakili mwingine kama shahidi mtaalamu aeleze kiwango cha kazi. Asipomleta, kesi inaweza kufa kabla ya kusikilizwa, isipokuwa uzembe uwe wa kuonekana na mtu yeyote.

---

MsomaHukumu

Asante sana mkuu. Togstad haifungi mahakama zetu, ila njia yake ya kufikiri haipingani na yetu. Mkataba wa uwakili unaweza kuwa wa mdomo. Ushahidi wake ni risiti ya malipo ya awali, ujumbe wa simu, hati ya uwakilishi iliyosajiliwa mahakamani, barua aliyoandika kwa niaba yako, au hata nakala za hati zako zilizogongwa muhuri wa kupokelewa ofisini kwake.

Hilo la shahidi mtaalamu, kwetu jaji mwenyewe ni mwanasheria. Katika Midland Bank v Hett, Stubbs & Kemp kule Uingereza, jaji Oliver alisema wazi kwamba mawakili kuja kueleza kuwa wao wangefanyaje hakumsaidii sana. Kinachosaidia ni ushahidi wa desturi ya kazi iliyokubalika. Kwa Tanzania, ambatisha Kanuni za Maadili ya Mawakili za 2018 na uonyeshe kanuni iliyovunjwa. Kuvunja kanuni si uzembe moja kwa moja, ila kunampa jaji pa kushikia.

---

JaladaNamba7

Niingie hapo kwenye sababu, yaani kama kosa la wakili ndilo lililoleta hasara, maana ndipo penye roho ya jambo.

Jaji anaendesha kesi mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni yako dhidi ya wakili. Ndani yake kuna ile ya zamani iliyopotea: kama wakili angefanya kazi yake, ungepata nini? Kwa hiyo hati ya madai isiyoeleza nguvu ya kesi ya zamani imeanza kushindwa siku ilipofunguliwa. Kama ilikuwa ajali ya gari, lazima uje na ramani ya trafiki, fomu ya polisi ya majeraha, ripoti ya daktari, stakabadhi za matibabu na mashahidi wa ajali, utadhani unamshtaki dereva leo. Wengi wanaleta barua za malalamiko kwa wakili tu, na hawana karatasi hata moja ya ajali yenyewe.

Halafu kuna swali la kipimo. Je, lazima uthibitishe kwamba ungeshinda, au inatosha kwamba ulipoteza nafasi ya kushinda? Jibu la Kiingereza, ambalo mahakama zetu hulisoma, lilianza na Kitchen v Royal Air Force Association, 1958. Askari wa jeshi la anga aliuawa na umeme jikoni kwake mwaka 1945, mawakili wakaacha muda wa kudai upite. Mjane hakuwa na uhakika wa kushinda, lakini madai yake hayakuwa ya bure. Kiwango cha juu ambacho angeweza kupata kilikuwa pauni 3,000. Mahakama ikampa 2,000, yaani theluthi mbili: thamani ya nafasi aliyopoteza.

Usishangilie mapema. Mwaka 2019, katika Perry v Raleys, Mahakama ya Juu ya Uingereza iligawanya jambo hili vizuri. Yale yaliyo mikononi mwa mteja mwenyewe, kwamba angeshauriwa sawasawa angefungua madai, na kwamba madai hayo yangekuwa ya kweli, lazima ayathibitishe kikamilifu kwa mizani ya uwezekano, yaani kwamba ni ya kweli kuliko kutokuwa ya kweli. Yanayotegemea watu wengine ndiyo hupimwa kama nafasi, kwa asilimia. Bwana Perry alikuwa mchimba madini aliyepata ugonjwa wa mikono unaotokana na mitambo ya kutetemeka. Mawakili wake walikiri uzembe. Alishindwa, kwa sababu jaji hakuamini kwamba kazi za nyumbani alizosema hawezi kuzifanya kweli zilikuwa zimemshinda. Soma tena hapo: uzembe umekiriwa, mdai hakupata kitu.

Na kuna swali linalosahaulika: ungeshinda, ungelipwa na nani? Kama dereva hakuwa na bima wala mali, hukumu ya milioni 80 dhidi yake ilikuwa karatasi. Wakili atalileta hilo kwenye utetezi, na ni utetezi wenye nguvu. Mapema kabisa tafuta namba ya bima ya gari na jina la kampuni iliyoikata.

---

Mzalendo_wa_Tanga

Nimeelewa kwa nini watu wanaanguka. Na kama shauri liliondolewa mahakamani kwa kasoro ya hati, hiyo si hasara tayari?

---

JaladaNamba7

Inategemea neno lililotumika kwenye amri. Tangu Ngoni Matengo Cooperative Marketing Union v Alimahomed Osman, [1959] EA 577, tunatofautisha shauri *kuondolewa* kwa kasoro na shauri *kutupwa*. Likiondolewa na muda ungalipo, unafungua jipya. Hapo hasara yako ni gharama na ucheleweshaji, si thamani yote ya madai. Ukikaa kimya mpaka muda ukaisha, wakili atasema hasara umejiletea mwenyewe, na atakuwa na hoja.

Tanzania angalia pia mambo mawili kwenye Sheria ya Ukomo. Muda uliotumika kwa nia njema katika mahakama isiyo na mamlaka unaweza kutolewa kwenye hesabu. Na Waziri mwenye dhamana ya sheria anaweza, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu, kuongeza muda wa kufungua shauri kwa kiasi kisichozidi nusu ya ukomo wenyewe. Kwa madai ya miaka 3 hiyo ni mwaka mmoja na nusu. Watu wachache sana huomba. Kabla hujamshtaki wakili kwa kupitisha ukomo, andika maombi hayo, hata kama unahisi yatakataliwa. Jibu la kukataliwa ni ushahidi kwamba ulijitahidi kupunguza hasara.

---

BintiUkomo

Mmegusa ukomo wa kesi ya zamani, lakini kesi dhidi ya wakili nayo ina ukomo wake, na watu wanafungiwa nje mara ya pili.

Tanzania na Kenya zinafanana hapa: madai ya mkataba miaka 6, madai ya uzembe nje ya mkataba miaka 3. Chukua mfano. Ajali imetokea 10 Machi 2018. Ukomo dhidi ya dereva umekwisha Machi 2021, wakili hakufungua. Kwa msingi wa uzembe, saa yako dhidi ya wakili imeanza Machi 2021 ulipopoteza haki, imekwisha Machi 2024. Kwa msingi wa mkataba, wakili amevunja ahadi yake siku hiyo hiyo, na una mpaka Machi 2027. Mteja aliyegundua Agosti 2025 anasalimika kwa mlango wa mkataba peke yake.

Kwa hiyo hati ya madai itaje misingi yote miwili. Ukiandika "uzembe" tu, unakaribisha pingamizi la awali. Na mkataba uutaje kwa maelezo kamili: lini ulitoa maelekezo, ya nini, ulilipa kiasi gani.

Kama wakili alikuwa akikudanganya kwamba kesi inaendelea wakati hakuwahi kuifungua, hapo kuna ulaghai, na sheria za nchi zote mbili zinaruhusu muda kuhesabiwa tangu ulipogundua, au ulipopaswa kugundua kama ungekuwa makini. Hilo la umakini ndilo litakalobishaniwa. Tunza jumbe zake zote za "tarehe imesogezwa", na uombe masijala barua inayothibitisha kwamba hakuna shauri lenye majina yenu.

---

Nyota_ya_Kisutu

Samahani wadau, kwani si rahisi kumwachia wakili makosa yake na kuomba mahakama iongeze muda wa rufaa? Kosa si la mteja.

---

MsomaHukumu

Dada Nyota, inategemea uko upande gani wa Namanga.

Tanzania msimamo ni mkali. Calico Textile Industries v Pyaraliesmail Premji, [1983] TLR 28 (ripoti za hukumu za Tanzania), ilisema wakili kushindwa kuangalia sheria si sababu ya kutosha ya kuruhusu rufaa nje ya muda. Kisha Lyamuya Construction, ombi la 2010, imeweka vigezo vinavyonukuliwa kila siku: eleza muda wote wa kuchelewa, ucheleweshaji usiwe wa kupindukia, onyesha bidii na si uzembe, au onyesha sababu nyingine nzito kama uharamu kwenye uamuzi unaopingwa. Bushiri Hassan v Latifa Lukio nayo ilisema kwamba hata siku moja lazima itolewe maelezo.

Kwa hiyo mawakili wanaanguka sana kwenye hatua za Mahakama ya Rufani: taarifa ya rufaa ndani ya siku 30, kumpa mjibu rufaa nakala ndani ya siku 14 baada ya kuiwasilisha, kuomba kwa maandishi nakala za mwenendo ndani ya siku 30 tangu uamuzi na kumpa mjibu rufaa nakala ya barua hiyo, kisha kuwasilisha rufaa ndani ya siku 60 tangu taarifa. Ile barua isipomfikia mjibu rufaa, cheti cha msajili cha kuondoa siku za kusubiri nakala hakikusaidii. Kosa la karatasi moja, rufaa imekwenda.

---

Milimani_Mtetezi

Huku Kenya mahakama imekuwa na huruma zaidi. Katika Belinda Murai v Amos Wainaina, jaji Madan alisema kosa ni kosa, na halikosi kusameheka kwa kuwa limefanywa na wakili mkongwe. Lakini mlango unazidi kubanwa. Habo Agencies v Wilfred Odhiambo Musingo ya 2015 ilisema haitoshi mteja kumtupia wakili lawama zote, naye ana wajibu wa kufuatilia kesi yake.

Ushauri wangu kwa Nyota: fanya yote mawili, kwa mpangilio. Omba kuongezewa muda kwanza, na umwombe wakili wa zamani aape kiapo akieleza kilichotokea. Wengi hukubali kwa sababu maombi yakifaulu, nao wamepona. Maombi yakikataliwa, kiapo hicho ni ushahidi wa uzembe uliotoka mdomoni mwake, na uamuzi wa kukataa unaonyesha kwamba haki imepotea kabisa. Ila tarehe za ukomo alizotaja BintiUkomo hazisimami wakati unasubiri maombi hayo.

Pia tutenganishe mambo. Wakili aliyepokea fidia yako kutoka kwa bima akakaa nayo, hiyo si kesi ya uzembe. Usijitwike mzigo wa kuthibitisha kiwango cha kazi. Kenya tumia Amri ya 52 ya Kanuni za Mwenendo wa Madai: mahakama inaweza kumwamuru atoe hesabu na kukabidhi pesa au hati zako. Amri hiyo hiyo hutumika kutekeleza ahadi ya kitaaluma, kwa mfano wakili wa mnunuzi aliyeahidi kwa barua kulipa salio hati zikihamishwa. Ni njia fupi kuliko kesi ya kawaida.

Na Mahakama ya Nidhamu ya Mawakili ina uwezo wa kuamuru fidia isiyozidi shilingi milioni 5 za Kenya. Kwa madai ya kiasi hicho au pungufu, anzia Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Hakuna ada ya wakili mpya ya kukuumiza.

---

Nyota_ya_Kisutu

Na Tanzania Kamati ya Mawakili?

---

MsomaHukumu

Kazi yake ni nidhamu: onyo, kusimamishwa, kuondolewa jina kwenye orodha. Ipeleke huko kama lengo ni kulinda wengine, na matokeo yake yanaweza kukusaidia. Fidia ya hasara yako idai mahakamani, na usisubiri Kamati imalize ndipo ufungue.

---

Mzalendo_wa_Tanga

La mwisho kwangu: aliyefungwa jela kwa sababu ya wakili mbovu?

---

JaladaNamba7

Kwanza hukumu ya jinai itenguliwe kwa rufaa au mapitio. Maadamu inasimama, mahakama ya madai haitakubali kuisikiliza upya kwa mlango wa nyuma. Hata Uingereza, ambako kinga ya mawakili wa mahakamani ya kutoshtakiwa kwa uzembe iliondolewa mwaka 2000 katika Hall v Simons, kizuizi hiki kilibaki.

---

BintiUkomo

Niwaachie mpangilio wa kazi kwa anayetaka kuanza wiki hii.

Andika barua ya kuomba jalada lako lote kwa wakili. Anaweza kulizuia kama unadaiwa ada, kwa hiyo sambamba na hilo omba masijala nakala zilizothibitishwa za hati, mwenendo na amri. Mwenendo wa shauri ndio utakaoonyesha tarehe alizokosekana. Ukishamshtaki, usitegemee usiri wa wakili na mteja kuficha mliyoongea juu ya jambo hilo, maana naye ana haki ya kujitetea kwa hayo. Kama ulimwambia kwa ujumbe "achana na hiyo kesi", ujumbe huo utasomwa.

Kisha barua ya madai, ukimtaka aitaarifu bima yake ya taaluma. Kenya bima hiyo inatakiwa na kanuni za 2004. Bima kwa kawaida hulipia makosa, hailipii wizi, hivyo ukiandika kila aya "alinidanganya na kuniibia" bila ushahidi, unaweza kuwa unamfukuza mlipaji pekee mwenye uwezo.

Kwenye hati ya madai, maelezo ya uzembe yawe na tarehe: tarehe ya maelekezo, tarehe ya mwisho ya kisheria, tarehe aliyotenda au kutotenda. Halafu aya za kesi ya zamani, shahidi kwa shahidi. Kwenye hesabu, punguza gharama ambazo ungezitumia kuiendesha mpaka mwisho na ada ambayo hukuilipa, kabla wakili hajazipunguza yeye. Na utarajie madai kinzani ya ada yake. Risiti zako ziwe tayari.